Stoo ya Mashuka

Hakuna barabara iingiayo Iquitos.
Kila kitu huletwa na ndege au na mto,
na mwezi ule oksijeni haikuletwa na chochote.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa uuguzi.
Nilijua kutandika kitanda kona zikabana,
kuhesabu mapigo, kudunga sindano kwenye chungwa.
Chungwa halikuulizi, "Binti, nitapona?"

Wewe, Bi Eudocia, ulinipokea mlangoni
umevaa mifuko ya taka badala ya vazi la kinga,
jina lako kifuani kwa kalamu ya wino mzito,
na chini ya jina umechora ua.
Ua baya, Bi Eudocia. Kama yai lililokanyagwa.
"Wanatuona macho tu," ulisema.
"Wajue humu ndani mna mtu."

Kitanda cha sita alilala Arquímedes Pacaya,
fundi cherehani, kijana wa miaka sitini
(ndivyo alivyojiita).
Usiku wa Alhamisi nilimshikia simu
binti yake amwone kutoka Lima.
Mtandao ukakatika.
Nikamwambia, "Subiri kidogo, mtandao utarudi."
Ulirudi saa nane na robo.
Binti akakuta uso wangu peke yake kwenye kioo.

Nje watu walipiga masufuria, wakatuita mashujaa.
Shujaa hapewi ruhusa ya kutapika.
Mkuu wa chuo akatuma ujumbe:
kazeni mioyo, huu ni wito.
Nikaukaza wangu kama kifuniko cha chupa
hadi nikashindwa kuufungua hata kwa mama.

Ndipo uliponivuta stoo ya mashuka.
Nilidhani utanigombeza.
Ukanipa ncha mbili za shuka, ukashika mbili.
"Mashuka kumi. Wewe sema, mimi nakunja. Sitajibu."

Shuka la kwanza sikusema kitu.
La pili nikasema glavu zinanikata vidole.
La tatu, kwamba mvua ikipiga mabati
sisikii pumzi zao.
Tunanyoosha, tunakung'uta, tunakaribiana,
vidole vyangu vinafika kwenye vyako:
mguso pekee nilioupata mwezi mzima
bila kumtafuta mtu mshipa.
La saba nikamtaja Arquímedes.
La nane sikumbuki. Barakoa ililowa.
La kumi ukauliza, "Umekula?"
Ukatoa ndizi ya kuchoma kwenye karatasi,
ukanigeuzia mgongo ili nivue barakoa nile.

Sikupona siku ile, sitaki kusema uongo.
Ila nililala saa nne mfululizo bila ndoto ya simu.
Wenzangu wakanusa habari: Greysi, Teófilo,
yule mrefu wa zamu ya mchana asiyesalimia.
Mwisho wa wiki hakukuwa na hospitali duniani,
maskini au tajiri,
yenye mashuka yaliyokunjwa vizuri kama yetu.

Halafu ikaja Jumapili.
Nilikukuta stoo umesimama kama mtu aliyesahau alichofuata,
shuka limekuangukia miguuni.
Ua la kifuani limechuruzika kwa jasho,
si ua tena, si yai.
Nikaokota ncha zangu.
Sikuuliza. Nilikuwa nimefundishwa.

Ulisema jina moja, Melita.
Ulisema mlikuwa mkilala kitanda kimoja utotoni
naye akikuibia shuka lote.
Ulisema huku alikolala kitanda chake hakina namba
kwa sababu si kitanda, ni benchi,
na wewe ndiye uliyeandika orodha ya zamu,
na jina lake ulilipeleka mwisho
watu wasije wakasema.

Tukafika kumi. Tukapita kumi.
Alfajiri rafu zilikuwa zimejaa,
hakuna shuka lililobaki kukunjwa,
na ulikuwa bado unaongea.
Nikavuta lile la juu kabisa,
nikalikunjua,
nikakupa ncha.